Pua ya Dorothée

Kila asubuhi Sauda na Dorothée walikutana pale reli inapokatiza barabara, wakaenda shuleni pamoja. Sauda alikuwa binti wa muuza vitenge mwenye asili ya Maniema, mashariki ya Kongo. Dorothée alikuwa mtoto wa wakulima, na katika hesabu hakuna aliyemfikia darasani.

Siku moja, wakati wa mapumziko, Sauda aliwasimulia wenzake picha alizoziona sokoni katika kitabu cha zamani cha Wazungu: nyuso za Waafrika zimepangwa kwa upana wa pua, kuanzia "werevu" hadi "wajinga". Akachukua rula, akaiweka kwenye pua ya rafiki yake.

"Weye iko na pua kubwa sana!" akasema akicheka. "Bazungu ba masomo balisema bantu ba hivi habawezi hesabu."

Wote wakacheka. Dorothée hakulia. Alichukua mkoba wake akaenda zake, na wiki hiyo hakuonekana tena shuleni.

Mwalimu Ambroise alipopata habari, alimpeleka Sauda nyumbani kwa kina Dorothée. Bibi yake Dorothée, Nkambo Nday, alikuwa akitwanga mihogo. Aliposikia yaliyotokea, aliweka mchi chini.

"Baba yangu alikuwa mutu wa reli," alisema. "Muzungu moja alikuya na chuma, akamupima kichwa kama mbuzi ya kuuza. Baba aliomba bamufundishe kuendesha treni. Bakamuambia: kichwa yako haiwezi. Akatia makaa kwenye moto ya treni mpaka kifua ikaoza, akakufa. Njo maneno ile unaletea mujukuu wangu?"

"Nkambo, miye sikujua. Unisamehe."

"Ulimucheka mbele ya bantu. Musamaha pia uombe mbele ya bantu."

Jumatatu Dorothée alirudi. Sauda alisimama mbele ya darasa, akaomba msamaha.

"Nimesikia," Dorothée alijibu, akaliacha dawati walilokuwa wakikaa pamoja, akaenda kukaa jingine.

Mwalimu Ambroise aliwageukia wanafunzi. "Wataalamu wa kitabu kile hawakupima ili wajue. Walikuwa wameshaamua nani atawale na nani abebe mizigo, ndipo wakatafuta vipimo vya kujitetea. Sayansi imeukataa uongo huo, lakini uongo uliovaa nguo za elimu haufi upesi. Leo hauletwi tena na mgeni mwenye chuma cha kupimia vichwa. Tunaubeba sisi wenyewe, kwa mzaha. Ukisikia watu fulani wanaitwa duni, uliza kwanza: anayesema hivyo anapata faida gani?"

Sauda aliyasikia maneno hayo akiwa peke yake kwenye dawati la watu wawili.