Jibu la Pointi ya Darajani

Kila Jumamosi mchana Wiebke alishuka kwenye chumba cha chini cha klabu yetu ya treni za mfano, akavua koti lililolowa, akawasha kompyuta. Sisi wazee tulijenga reli na vijumba juu ya meza. Yeye, msichana wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyeandika programu ya treni zetu ndogo. Kompyuta iliitumia ujumbe pointi, pale reli inapogawanyika: "Geuka." Pointi ikishageuka ilijibu: "Tayari." Hapo taa ya kijani iliwaka na treni ikapita.

Jumapili ya kuwakumbuka wafu, mwishoni mwa Novemba, huwa tunaendesha injini ya mwenzetu aliyefariki mwaka huo. Safari hii ilikuwa injini ya Henning, aliyoiunda kwa mikono yake hadi macho yakafifia. Mjane wake, Bi Gudrun, angeileta mwenyewe.

Tatizo lilikuwa pointi ya darajani. Ilichelewa kujibu, jambo ambalo Wiebke pekee aliliona kwenye kompyuta, na treni za majaribio zikawa zinakwama kwenye taa nyekundu.

"Mtaalamu, leo tunalala hapa?" Eckhard, fundi wetu wa pointi, alimtania.

Wiebke aliona aibu. Akaongeza mstari mmoja: jibu likichelewa, kompyuta ijijibu yenyewe, "Tayari." Taa zikawa kijani, nasi tukampongeza.

Jumapili hiyo injini ya Henning ilifika darajani, ikakuta pointi imegeuka nusu, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Bi Gudrun alipiga magoti akaanza kuokota magurudumu.

"Kosa langu," Eckhard alisema, akiweka bisibisi yake mezani. "Nimezeeka. Kazi hii mpeni mwingine."

Wiebke alianza kulia. "Si wewe, Bwana Eckhard. Pointi haikujibu. Mimi niliijibia."

"Mbona hukuniambia inachelewa?"

"Mngesema sijui kazi."

Eckhard aliinamisha kichwa. "Na mimi na utani wangu."

Wiebke aliufuta ule mstari. Eckhard aliiondolea pointi kutu, ikawa inageuka, ingawa polepole. Injini ilitengenezwa, lakini bomba lake la moshi lilibaki limepinda.

Kabla ya Krismasi Bi Gudrun aliirudisha relini. Ilifika darajani, ikasimama kwenye taa nyekundu. Hakuna aliyetania.

"Pointi haijajibu bado, Bi Gudrun," Wiebke alisema kwa sauti ndogo.

"Asante kwa kuniambia ukweli, mwanangu. Usiseme kazi imekwisha kabla haijaisha, hata wakikucheka. Mimi nitangoja."

Tukangoja naye, mpaka taa ikawa kijani.