Fomu Saba Zisizo na Mwenyewe

Kengele ya saa tisa ilipolia, wenzake walienda kucheza, naye Nyanchera akaingia ofisini kufungua sanduku la bati lenye fomu za wanafunzi. Ilikuwa mwaka wa 1972, katika shule moja karibu na Nyakoe. Mvua ilikuwa imelowesha rejista kubwa mpaka haisomeki. Zilizobaki ni nakala za fomu za kuingia darasa la kwanza, zilizofungwa mafungu mafungu kwa kamba ya katani. Ukitaka moja, unafungua zote. Mwalimu Machogu alichoshwa nazo. Alitafuta kabati lenye droo nne, akamwagiza Nyanchera azihamishie humo kwa alfabeti, akitia tiki kwenye orodha kila fomu inapoingia.

Orodha yenyewe ilikuwa balaa. Ilikuwa na majina ya ubatizo, na fomu zilikuwa na majina ya nyumbani. Mtoto ni Thadeus kanisani, na kwa nyanya yake ni Ombati! Nyanchera alitakiwa kulinganisha jina la baba na la kijiji, fomu moja baada ya nyingine. Kufikia Alhamisi zilibaki saba ambazo hakuweza kujua ni za nani. Zilimkera kweli kweli. Akazitupa kwenye kikapu cha karatasi za kuwashia moto jikoni, akatia tiki saba kwa mkupuo na kumwambia mwalimu amemaliza.

Jumatatu ofisi ya elimu ikaagiza nakala ya fomu ya Drusilla, rafiki wa Nyanchera, kabla ya kesho yake, la sivyo asingefanya mtihani wa darasa la saba. Mwalimu akavuta droo ya kwanza, kisha zote. Hakuna kitu. Drusilla alisimama mlangoni akilia, akaeleza kwamba aliandikishwa kwa jina la Bosibori kabla ya kubatizwa.

Nyanchera alilikumbuka jina hilo. Hakuna aliyemwona siku ile, na angeweza kunyamaza.

"Mwalimu," akasema, "zile tiki saba za mwisho ni za uongo. Fomu ziko jikoni."

Walimkuta Mzee Nyangate, mpishi wa chai ya walimu, akipuliza kuni mbichi na kunung'unika. Kikapuni zilibaki fomu nne. Ya Bosibori ilikuwa ya mwisho, imekunjamana. Drusilla aliichukua bila kumwangalia rafiki yake.

Watoto wa zile tiki saba waliulizwa majina yao ya nyumbani, ikajulikana ni akina nani watatu ambao fomu zao ziliungua. Mwalimu Machogu alimpa Nyanchera fomu tatu mpya azipeleke kwa wazazi wao, mmoja wao kule Suneka, awaeleze mwenyewe kilichotokea.

"Tiki maana yake umeona kwa macho yako," alimwambia, sauti imechoka. "Ulipokwama ungeacha nafasi wazi. Ningeiona, ningekuja tukae tutafute pamoja. Tiki yako ndiyo iliyonizuia kukusaidia."