Moshi Pande Mbili

"Nyumba ya mkweo huko Geita inafuka moshi pande mbili."

Maneno hayo aliniletea jirani yangu Mwaisha, mwaka wa 1937, nikiwa uani kwangu Shinyanga napepeta mchele. Aliyasikia kwa mtu aliyetoka huko. Akayatua, akajifunga kanga, akaenda zake. Mimi nikabaki nayo. Nikipepeta, moshi. Nikikaanga visheti, moshi. Kwetu kila mke ana jiko lake. Moshi pande mbili maana yake majiko mawili, na majiko mawili ni wake wawili. Na binti yangu Zuleha hata hajahamia!

Naandika haya kwa hasira, sifichi. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine Zuleha na mumewe Fikirini walinisimulia baadaye.

Walikutana stesheni ya Shinyanga, gari la moshi limesimama, watu wanasukumana kama mbuzi mnadani. Zuleha alikuwa na sinia la visheti kichwani, kanga mpya nyekundu, wanja umemkaa. Fikirini, seremala wa mgodini Geita, kaptura ya kaki na kofia ya viua, alikuwa akipokea mbao. Akageuka na ubao begani, visheti vyote chini.

"We kaka, huna macho?"

"Ninayo, dada. Ndiyo yaliyonisahaulisha ubao."

"Basi yakusaidie kuokota."

"Naokota, na vyote navinunua."

"Na mchanga wake?"

"Huko kwetu mchanga tunauchimbia mashimo. Huu wa bure niuache?"

"Haya, tafuna nikuone."

Akatafuna. Mchanga ukalia menoni, macho yakamtoka, hakutema. Zuleha akacheka hata ushungi ukamwanguka.

Hazikupita mvua mbili, wakafunga ndoa nyumbani kwangu. Lakini nilisema wazi: mwanangu hatoki hapa mpaka nyumba iwe tayari, sakafu imepigwa na kuta zimekandikwa. Fikirini akakubali, akarudi Geita kuitengeneza. Baada ya wiki chache ikaja barua: "Kipenzi Zuleha, msije kabla mwezi haujaandama. Nyumba bado. Sababu nitakwambia kwa mdomo."

Zuleha aliilalia barua ile kama mto. Kisha Mwaisha akaja na moshi wake.

"Sababu ya mdomo ina jina la mtu, mwanangu," nikamwambia.

"Mama, Fikirini si mtu wa hivyo."

"Wote si watu wa hivyo. Mimi ni mama, najua. Funga vitu. Tunakwenda bila kumwambia, tumkute naye."

Akafunga vitu huku analia. Masufuria, mikeka miwili, chetezo, mto alioufuma mwenyewe. Tukapanda gari la moshi hadi Mwanza, tukavuka maji, tukapanda lori la magunia ya mtama. Njia nzima nilikuwa nayapanga matusi.

Kweli, moshi! Ulikuwa ukitoka chumba cha upande wa kulia na cha upande wa kushoto. Na mlangoni kasimama mwanamke, mikono ina udongo hadi viwikoni.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu Kisukuma. "Msiingie humo. Nyumba hii bado mbaya."

"Mbaya kwa nani? Kwako wewe mwizi wa waume?"

"Mimi Nyamizi nakandika tu, mayu. Nina wajukuu sita!"

Sikumsikiliza. Nikabeba mtungi wake wa maji ya kukandikia, nikamwaga kwenye moto wa kulia, nikamwaga na wa kushoto. Majivu yakaruka hadi kwenye paa. Nikatandika mikeka chumba cha nyuma, kwenye vumbi lake, nikakaa katikati kama karani wa boma.

Fikirini aliporudi kazini, alitukuta hivyo. Furaha ilimjia usoni, ikafa papo hapo.

"Shikamoo, mama. Zuleha, mpenzi, mbona hamkuniambia? Tokeni humo! Nyumba ni ya zamani, ina papasi, kupe wa vumbini wanaouma usiku na kuleta homa. Nafukiza samadi na pilipili kila chumba, siku saba saba. Hicho cha nyuma ndicho sijakifikia."

"Papasi!" nikacheka. "Papasi wanaovaa kanga?"

"Mama, nakuomba. Marselino, mwenzangu wa kazini, ana nyumba safi. Mkalale kwake."

"Umwache huyu wako alale hapa? Hatutoki."

Akamgeukia mkewe. "Na wewe, Zuleha? Unaniona hivyo?"

Zuleha akatazama mkeka. "Nipe talaka yangu, nirudi na mama."

Tukalala humo. Asubuhi tulikuwa tumejaa vipele. Siku ya nane homa ikamshika mwanangu, ikamwacha, ikamrudia, ikamwacha, ikamrudia tena, kila mara kali zaidi. Mimi ilinipitia mara moja tu. Hilo ndilo linalonichoma: mwenye makosa alipona kwanza!

Fikirini alimbeba mgongoni hadi nyumbani kwa Nyamizi. Nyamizi yule yule niliyemtukana ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko. Mganga wa zahanati akamchoma sindano, akaniuliza ni mjinga gani aliyemlaza mgonjwa huyu kwenye papasi. Nikasema ni mimi.

"Na wewe," nikamfokea Fikirini, "kwa nini hukuandika neno moja tu, papasi?"

"Niliona aibu, mama. Ningemwandikiaje bibi arusi kwamba nimemnunulia nyumba ya kunguni na papasi?"

"Aibu yako na masikio yangu nusura vimzike!"

Siku Zuleha alipoweza kukaa, Fikirini alimletea visheti vya sokoni.

"Vina mchanga?" Zuleha akauliza kwa sauti ndogo.

"Nikauchote?"

"Kwanza niambie. Wale wake zako wawili, wa moshi wa kulia na wa kushoto, yupi mkubwa?"

"Wa kulia. Ananitoa machozi zaidi."

"Basi kawawashe tena. Na cha nyuma nacho."

"Na talaka yako?"

"Iweke kwenye moto huo huo."

Akaenda, akawasha. Siku saba kila chumba. Mwezi mwingine ulipoandama, Zuleha alihamia nyumba yenye kuta nyeupe na sakafu ngumu kama sahani, amekonda, kanga yake nyekundu imemzunguka mara mbili. Mimi niliingia wa mwisho, baada ya kumpigia Nyamizi magoti.

Basi wewe mama unayemhamisha binti, epuka haya:

Usihamie kabla ya siku uliyoambiwa.

Usilale chini katika nyumba kuukuu ambayo haijafukizwa.

Usitandike mkeka kwenye vumbi.

Usifiche kasoro ya nyumba kwa aibu. Hili ni lenu, wanaume.

Usimtukane anayekukandikia ukuta.

Usimwage maji kwenye moto wa mtu kabla hujamuuliza anafukiza nini.

Usimfungulie mlango Mwaisha wako.

Na usimwambie mwanao "mimi ni mama, najua," kama hujui.