Elina Ndiye Aliyezikwa

Jua lilikuwa linazama mama aliponituma dukani kwa Saidi, pale Kasoli, nikalete mafuta ya taa. Malori ya wanunuzi wa pamba yalishaondoka. Mwaka ule wanunuzi binafsi ndio kwanza walikuwa wameingia, na baba aliwauzia mapema ili nishonewe sare. Kesho yake alfajiri ningepelekwa sekondari.

Si mimi niliyefaulu. Aliyefaulu ni Milembe, pacha wangu. Homa ilimchukua wakati wa mavuno. Kabla majirani hawajajua, baba na mama waliamua: aliyekufa aitwe Elina, yaani mimi, nami nishike jina la Milembe nikasome. Tulifanana mno. Nami nilitamani sana kusoma. Nilikubali.

Kwetu pacha akifa haliliwi. Huitwa mtu wa dawa amtenge na mwenzake, asije akamvuta. Alikuja mzee mmoja, Salu. Hakuna aliyemwambia ukweli. Alininyunyizia dawa yake, akainamia kaburi, akasema taratibu, "Elina, wewe nenda. Milembe, wewe baki."

Mama alifumba macho.

Sasa nilikuwa narudi kutoka dukani, napita katikati ya shamba letu. Mabua ya pamba yalikuwa yamekauka, hayajang'olewa.

Krr... krr...

Mtu alikuwa anapita mstari wa pili, sambamba nami. Nikisimama, anasimama. Nikasikia harufu ya dawa ya Salu.

"Mwadila," nikasalimia.

Kisha sauti kama yangu ikanong'ona kutoka kwenye mabua:

"Elina... si uliambiwa uende?"

Nikatupa chupa ya mafuta, nikakimbia. Miguu mingine ikakimbia pia.

Ikanipita.

Nilifika nyumbani giza limeingia. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani mama alikuwa anamtania mtu: "Shiba, mwanafunzi. Huko bwenini utakula maharage yenye wadudu."

Nikagonga, nikamwita mama. Baba alikuwa amenizoeza kuitikia jina lile hata usingizini.

"Mayu, fungua. Ni Milembe."

Kicheko cha mama kikakatika. Nikamsikia baba akimnong'oneza kwamba marehemu amekuja.

"Si Milembe, mayu. Ni mimi, Elina."

Sauti yangu ikajibu kutoka ndani, polepole:

"Mayu, usifungue. Elina niko hapa."

Nikasikia kinu kikiburutwa, kikaegemezwa mlangoni.

Nililala zizini na ndama. Alfajiri baba alitoka na sanduku kichwani. Nyuma yake alifuata msichana mwenye sare yangu. Nilifungua mdomo niite. Nikakumbuka kinu kile mlangoni, nikaufunga.

Mama aliponikuta alinipapasa uso, mabega, mpaka kovu la moto mguuni. Alikaa palepale kwenye samadi. Angemwambia nani, na Elina walishamzika mbele ya watu?

Tangu hapo naishi Lalago kwa shangazi. Navuna pamba yake. Baba akija huku husema Milembe anaongoza darasani, ila wenzake hawataki kitanda kilicho karibu na chake.

Juzi mama alituma mtu. Milembe amekuja likizo. Hajauliza habari za yeyote pale nyumbani. Ameuliza jambo moja tu: huku Lalago, mimi hulala upande gani wa nyumba.