Betri Iliyozima Katikati ya Ziwa

Maiti ya Maduhu ilikuwa imelazwa kwenye turubai la kuanikia dagaa, mwaloni Nkome, mahali boti za wavuvi zinapotia nanga. Inspekta Shamimu alilifunua shuka, akaangalia viganja. Vilikuwa na malengelenge mapya. Mtu huyu alichota maji kwa ndoo mpaka dakika yake ya mwisho.

Maelezo ya walionusurika yalifanana. Boti ya Salome iliondoka Jumanne asubuhi na abiria kuelekea kisiwani. Upepo ukachafuka, mawimbi yakaanza kuingia, na pampu ya kutoa maji ikazima kwa sababu betri ilikuwa imekufa. Boti ikajaa, ikalala ubavu. Wavuvi waliwaokoa abiria wote. Maduhu, baharia, hakuibuka akiwa hai. Boti yenyewe ilivutwa hadi ufukweni.

Mwalo ulishatoa hukumu. Nahodha wa boti hiyo, Magesa, alikuwa mahabusu, akikabiliwa na kosa la kuua bila kukusudia kwa uzembe. Mama mzazi wa Maduhu alisimama nje ya kituo cha polisi tangu alfajiri. Alikuwa amewaambia wachimba kaburi kwamba Magesa akithubutu kutokea makaburini, wamfukie yeye kabla ya mwanawe. Hakuna aliyechukulia kuwa ni utani.

"Betri uliinunua lini?" Shamimu alimuuliza Magesa mahabusu.

"Mwaka jana, Afande. Si ya gari. Ya gari kazi yake ni kutoa nguvu nyingi mara moja, injini iwake, basi. Ukiendeshea pampu kutwa nzima inakufa mapema. Hii ni ya sahani nene, kama zile wanazofungia sola."

"Uliitunzaje?"

"Naongeza maji ya betri ya dukani, siyo ya ziwa. Siachi ishuke chini ya nusu. Tukirudi naichaji. Vichwa nasafisha kwa magadi, halafu napaka grisi mpaka kwenye vizibo. Jumapili nilipaka upya, na chaji ilikuwa imejaa."

"Jumanne ikafa."

"Ikafa. Sijui kwa nini."

"Sijui haitakutoa humu, Magesa."

"Naelewa, Afande."

Salome, mwenye boti, alimwambia Inspekta kwamba anapoteza muda. Alimlaani Magesa kwa kumshawishi anunue betri ya bei kubwa. Nahodha aliyemtangulia, Ngassa, alikuwa akileta betri kuukuu za malori kutoka Isaka, na tatu zilikufa kwa msimu mmoja. Ndiyo maana alimfukuza.

"Lakini za Ngassa zilifia ufukweni," Salome alisema. "Ya huyu msomi wenu wa betri imesubiri watu wafike kilindini."

Shamimu alichukua ufunguo, akatoka. Alikwenda kwenye boti, akafungua kufuli ya sanduku la betri, akalegeza vizibo na kumulika ndani.

Betri iliyotelekezwa bila chaji huota unga mweupe kwenye sahani, na iliyokosa maji huacha sahani zikiwa wazi. Hii ilikuwa na maji ya kutosha. Lakini katika vyumba viwili sahani zilikuwa zimeliwa. Madini ya risasi yalimeguka kama mkate uliolowa.

Alivuta tone kwa bomba la kioo, akaliweka juu ya kipande cha waya wa shaba. Asidi ya kawaida ya betri, ikiwa baridi, haiisumbui shaba. Alisubiri. Mapovu yakaanza kupanda, na tone likageuka rangi ya kijani.

Koplo Amosi, aliyewahi kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Bugarama, alisogea. "Hiyo ni ya kusafishia dhahabu," alisema. "Asidi ya naitriki."

"Huila risasi," Shamimu alisema. "Mlete mtaalamu wa alama za vidole."

Maji ya ziwa hayakuiondoa grisi ya Magesa. Kando ya kizibo kimoja kulikuwa na alama safi ya kidole gumba, na haikuwa ya Magesa. Kufuli ilikuwa na funguo mbili. Wa pili Ngassa hakuurudisha alipofukuzwa, na Salome hakujisumbua kubadilisha kufuli.

Ngassa aliletwa kutoka Bugarama, alikokuwa akisafisha dhahabu ya wanunuzi, akachukuliwa alama za vidole. Alikaa bila kukaribishwa. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya njano.

"Usiniangalie mikono," alisema. "Kila anayeshika asidi ana vidole hivi. Kamata machimbo yote basi."

"Simkamati mtu kwa rangi." Shamimu aliweka picha mezani. "Gumba lako la kulia. Lilikuwa kwenye grisi."

"Nilikuwa nahodha wa boti ile. Alama zangu zimejaa kila ubao."

"Betri hii ilinunuliwa baada ya wewe kufukuzwa. Na grisi ilipakwa Jumapili."

Ngassa aliisukuma picha pembeni.

"Salome amekwambia alivyonifukuza?"

"Sema wewe."

"Alinitwisha betri mbovu kichwani. Mwalo mzima, kutoka botini mpaka dukani kwake. Asidi ikinichuruzika mgongoni, watu wanacheka. Halafu akamleta mtoto wa juzi, na kila siku nasikia betri yake haifi." Sauti yake ilishuka. "Nilitaka ifie majini. Huyo mtoto avutwe kwa kamba, wamcheke na yeye."

"Jumanne upepo ulikuwa mkali tangu asubuhi. Ulijua."

"Nilijua."

"Ungeweza kupiga simu."

"Nilikuwa nayo mkononi," Ngassa alisema. "Nikasema ngoja kwanza waloe."

Shamimu aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akampa asome na kutia sahihi.

Magesa alitolewa jioni ile. Watu waliokusanyika nje wakitaka wakabidhiwe yeye sasa walikuwa wakimtaka Ngassa, kwa sauti zilezile, na hakuna aliyemwomba Magesa radhi. Alisimama mlangoni, akiogopa kushuka ngazi. Mama Maduhu alimsogelea. Koplo Amosi akaweka mkono kwenye kirungu.

Mama alimtazama Magesa juu mpaka chini.

"Kaburi halijafika kina," alimwambia. "Nenda kashike jembe."