Shuka Lililofuliwa Mapema Mno

Siku ile mjinga alikuwa Povu, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo atakuambia kwamba wapo wanaofanya ujinga kwa uvivu, lakini yeye wake aliufanya kwa bidii, akautolea jasho, tena akausuuza mara mbili.

Mama yake alikuwa dobi. Walikaa katika vyumba viwili vyenye ua mdogo nyuma, na ua wenyewe ulijaa kamba za kuanikia kiasi kwamba mgeni mrefu aliingia ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Jina la Povu alipewa na wanafunzi wenzake, maana alifika shuleni vidole vimekunjamana kwa maji, na mara nyingine povu la sabuni likiwa bado nyuma ya sikio. Asubuhi aliloweka nguo. Jioni alianua, akakunja, akapuliza mkaa wa pasi. Katika nyumba ile doa lilikuwa adui. Mama aliweza kumsamehe mtu aliyevunja sahani, lakini si mtu aliyeacha doa likalala.

Alhamisi moja Povu alirudi kutoka shule akakuta mlango umefungwa. Barazani alikaa msagaji wa mashine ya unga, na kando yake ilisimama baiskeli nyekundu ya Mama, usukani umepinda, furushi la mashuka ya nyumba ya wageni limefungwa ovyo kwenye keria.

“Usishtuke, mwanangu,” msagaji alisema, kwa sauti ya mtu ambaye mwenyewe ameshtuka. “Mama yako amepata ajali pale kwenye kona ya mashine yangu. Ni pikapu. Amevunjika mkono, lakini anaongea vizuri, na ameuliza kama umekula. Leo analazwa, shangazi yako yuko naye. Kesho jioni atatoka.”

Povu alishika nguzo ya baraza.

“Vitu vyake ndivyo hivi,” msagaji akaendelea. “Yule askari wa kike wa barabarani amesema atapita kesho kuviangalia.”

Msagaji alipoondoka, Povu alifungua furushi. Shuka kubwa jeupe lilikuwa na alama nyeusi ya tairi kutoka pembe hadi pembe, kama njia iliyochorwa kwenye ramani. Baiskeli nayo ilikuwa na mkwaruzo wa rangi ya kijani, nyuma, chini ya keria.

Hapo ndipo akili yake ilipokwenda mrama. Mtoto mwingine angewaza hivi: askari anakuja kuangalia, basi nisiguse. Mtoto wa dobi aliwaza hivi: mgeni anakuja kuangalia, tena mgeni wa serikali, halafu akute uchafu huu? Mama yuko hospitali, nyumba iko mikononi mwangu, na mimi nimwaibishe?

Akakunja mikono ya sare. Aliloweka, akapaka sabuni ya kipande, akasugua, akatia dawa ya madoa, akasugua tena. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye beseni, na kila alipokaza mikono aliona kama ni ule mvunjiko wenyewe anaoufuta. Shuka lilipotakata, akachukua msasa akaigeukia baiskeli. Aliikwangua ile rangi ya kijani mpaka ikaisha, kisha akaing’arisha baiskeli nzima kwa kitambaa chenye mafuta.

Kesho yake alasiri, Povu amesharudi kutoka shule, sauti ikaita mlangoni, “Hodi wenyewe!”

“Karibu, afande! Shikamoo!” Povu alitoka mbio, uso umejiandaa kusifiwa.

“Marahaba, binti. Nimekuja kuchukua lile shuka lenye alama ya tairi. Na baiskeli niione ilivyokwaruzwa.”

Uso wa Povu ukabaki umetabasamu peke yake, maana mwenyewe hakuwemo tena. “Lile shuka… lina kazi gani, afande?”

Askari alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vizito na sauti ya taratibu. Akaingia hadi uani, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa.

“Sikiliza. Dereva aliyemgonga mama yako gari lake halina bima. Lingekuwa nayo, kampuni ya bima ingelipa matibabu, na ingemfidia kwa siku zote ambazo hatashika pasi. Kwa kuwa halina, upo mfuko wa fidia uliowekwa kwa ajili ya watu wanaogongwa na magari ya namna hiyo. Lakini mfuko hautoi kwa huruma tu. Unataka uthibitisho kwamba gari lilimgonga kweli. Jana dereva aliomba radhi. Leo amekula na vijana wenzake wa stendi, wamemjaza maneno, sasa anasema mama yako aliteleza mwenyewe kwenye mchanga, na yeye alisimama kumsaidia tu.”

“Mwongo!” Povu akaruka.

“Labda. Ila msagaji alitoka nje baada ya kusikia kishindo, hakuona kitu. Kwa hiyo shuka lile, binti, ndilo shahidi wetu.”

Nyuma ya kofia yake shahidi alikuwa anapepea kambani, mweupe pe, ananukia.

Ukweli ulifika hadi kwenye ulimi wa Povu, ukaona giza la aibu nje, ukarudi ndani. “Limefungiwa kabatini,” akasema. “Na baiskeli imo chumbani. Ufunguo anao Mama.”

“Basi Jumatatu mje navyo kituoni.” Askari akainuka, akainama kulipita shuka lenyewe, akaligusa kwa kidole. “Mnafua vizuri nyinyi,” akasema, akaenda zake.

Povu alikimbia hadi nyumba ya pili, kwa shangazi. Huko kulikuwa na binamu yake, mwanafunzi mwenzake wa darasa la sita, ambaye kwa kupenda kubishana watu walimpa jina la Wakili. Kesi alikuwa hajawahi kushinda hata moja, lakini hilo halikumpunguzia ushauri.

“Jambo dogo hilo,” Wakili alisema baada ya kusikiliza huku amefunga mikono kifuani. “Si umefuta alama? Tunaweka nyingine. Tairi ni tairi.”

“Lakini huo si uongo?”

“Uongo gani? Aligongwa, hakugongwa?”

“Aligongwa.”

“Basi! Sisi tunarudisha kilichokuwepo.”

Nyuma ya choo cha shangazi palikuwa na tairi kuukuu ambalo kuku walilifanya kiota. Waliwafukuza kuku, wakalizungusha tairi kwenye tope, wakalibingirisha juu ya shuka kutoka pembe hadi pembe. Wakili akarudi nyuma hatua chache, akapindisha kichwa kama fundi wa picha. “Hata gari lenyewe lisingelikanyaga vizuri namna hii.”

Povu hakucheka.

Walikuwa wamelirudisha nyumbani kwa Povu, bado wamelisimamia uani, jua likiwa limeanza kushuka, Mama aliposhushwa mlangoni na shangazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, umetundikwa shingoni kwa kitambaa. Povu alimkumbatia kwa woga, kama anayekumbatia yai. Mama akambusu utosini, halafu macho yakamwenda kwenye shuka. Akalishika kwa mkono wake mzima, akalinusa.

“Hili ni tope la nyuma ya choo cha wifi yangu,” akasema. “Mimi niligongwa barabarani.”

Wakili akakumbuka ghafla kwamba kuna mahali alitumwa.

Povu aliangua kilio, akasimulia yote, kuanzia sabuni hadi ufunguo wa kabati ambalo halikuwepo. Alingoja kofi. Badala yake Mama aliketi taratibu kwenye kizingiti, akamvuta karibu.

“Ulilifua kwa sababu ya kunipenda,” alisema. “Kwa hilo sikugombezi. Ningekuwa mimi, labda na mimi ningelifua. Sasa hili la tope, ulilifanya kwa sababu gani?”

“Niliogopa tutakosa fidia, Mama. Nyumba ya wageni watatafuta dobi mwingine. Na mkono wako…”

“Mkono wangu umevunjika kweli, mwanangu. Dereva akidanganya, na sisi tukadanganya, afande atatutofautisha kwa kitu gani? Kalete beseni.”

“Nilifue tena?”

“Tena ulisuuze vizuri. Jumatatu tutakwenda nalo lilivyo, na wewe ndiye utakayesema.”

Jumamosi na Jumapili hazikwenda. Povu alijaribu kupiga pasi mashati ya wateja, akaunguza kola moja. Mama alikaa kando akimwelekeza, na kila pasi ilipokwama mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe, ukakumbuka haujazoea kazi hiyo, ukarudi mapajani. Mteja mmoja alikuja kuchukua nguo zake zikiwa bado mbichi. Alisema pole nyingi, lakini nguo alizichukua.

Jumatatu walikwenda kituoni. Msagaji aliwasaidia kusukuma baiskeli. Ndani, dereva alikuwa ameketi kwenye benchi, kijana mwembamba mwenye kofia anayoizungusha mikononi. Askari aliwapa viti, na Mama akaliweka shuka mezani, limekunjwa, jeupe kama maziwa.

Askari alilitazama shuka. Akamtazama Povu.

Povu alipiga moyo konde, akasimama. “Afande, nilikudanganya. Shuka hili ndilo uliloligusa kambani. Nililifua mwenyewe kabla hujaja, na rangi ya baiskeli niliikwangua kwa msasa. Halafu nikaweka alama ya uongo, nayo nimeifua. Mama alikuwa hajui. Samahani.”

Dereva aliacha kuzungusha kofia. “Basi hakuna alama,” akasema kwa sauti ndogo. “Nilisema aliteleza.”

“Wewe ngoja,” askari alimjibu bila kumgeukia. “Binti, ulilisugua kwa muda gani?”

“Jioni nzima, afande. Lilikuwa halitoki.”

“Basi hakuna aliyeliangalia doa hilo kuliko wewe. Nichoree hapa ulichokuwa unakisugua. Sitaki unachodhani. Pale usipokumbuka, sema sikumbuki.”

Povu akashika kalamu. Alichora mistari minne iliyopinda kama mawimbi. Katika mstari wa pili akaacha pengo. “Hapa palikuwa hapana kitu, kama jino lililong’oka. Pengo lilikuja karibu na pindo, halafu likaja tena kule mwisho. Nilifurahi kulifikia, kwa sababu hapo hapakuwa na cha kusugua.”

“Na pembeni mwa tairi palikuwaje?”

“Pembeni sikumbuki, afande.”

Askari aliitazama ile karatasi, akaitazama tena, kisha akasimama. “Twendeni uani. Sote.”

Pikapu ya kijani ilikuwa imeegeshwa nyuma ya kituo. Povu alikuwa hajawahi kuiona. Askari aliwaita waje upande wa kushoto, mbele. Tairi lilikuwa na mistari minne iliyopinda, na katika mstari wa pili kipande cha mpira kilikuwa kimemeguka. Dereva alivitazama viatu vyake.

Askari hakuishia hapo. Alichuchumaa, akachungulia chini ya bampa. “Baiskeli ya mama ina rangi gani?”

“Nyekundu,” msagaji akajibu.

“Njoo uone, dereva. Binti alikwangua rangi ya gari lako kwenye baiskeli. Rangi ya baiskeli kwenye gari lako hakuna aliyeikwangua.”

Kijana alikaa chini palepale kwenye vumbi. “Nilimgonga, afande,” akasema. “Nilikuwa natazama mizigo kwenye kioo. Niliogopa. Gari lenyewe sijamaliza kulilipa.” Akamgeukia Mama. “Nisamehe, mama.”

“Hospitali ulinipeleka wewe,” Mama alisema. “Hilo sijalisahau. Ungeendelea na wema ule ule tu.”

Askari alimwekea Povu mkono begani. “Na wewe nisikilize vizuri, ukawaambie na wenzako shuleni. Ajali ikitokea, usihamishe kitu, usifute kitu. Muulize kwanza mtu mzima. Na ukikosea, njoo na kosa lako likiwa bado changa. Leo ungeniletea lile shuka la tope, ningelipima na tairi hili, lisingefanana hata kidogo. Mama yako angetoka hapa anaitwa mwongo, na mkono wake umevunjika kweli. Ukweli wenu ulikuwa unatosha. Mlitaka kuuongezea kitu usichokihitaji.”

“Ndiyo, afande,” Povu akasema. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alisikia njaa.

Taarifa ya polisi na ya daktari zikapelekwa kwenye ule mfuko. Walingoja sana. Mama alikuwa ameshatolewa plasta, anafanya mazoezi ya kukamua taulo dogo, ndipo alipoitwa ofisini. Povu alikwenda naye. Dereva naye aliitwa.

Afisa wa mfuko aliwaeleza bila kuzungusha maneno. Dai la Mama lilikuwa limekubaliwa. Angelipiwa gharama zote za hospitali, na angefidiwa kwa muda wote aliokaa bila kazi. Povu aliubana mkono wa mama yake, ule mzima, akauona na mwingine unambana yeye.

“Kwako wewe,” afisa akamwambia dereva, “mfuko utakudai fedha hizo. Utarudisha kidogo kidogo, na gari haliingii barabarani mpaka liwe na bima.”

“Lakini, bosi, si haki!” Kijana alisimama. “Mimi si tajiri. Nililinunua lile gari kwa mkopo nilishe wanangu. Nilipomaliza kutoa malipo ya kwanza, mfukoni sikubaki hata na ya bima. Ningelilaza gari nyumbani? Mzigo ungejibeba?”

“Bima ni ya lazima,” afisa akasema.

“Lazima kwa mwenye nacho! Nyinyi mnaongea mmekaa kwenye viti.” Akamgeukia Mama, macho yamelowa. “Mama, wewe ni mtu wa jasho kama mimi. Waambie. Ungekuwa wewe, una gari na huna hela ya bima, ungefanyaje?”

Mama aliuweka mkono wake wa kulia juu ya meza, ule ambao ulikuwa bado haujanyooka sawasawa.

“Ningetembea kwa miguu, baba,” akasema. “Watu wawili wa miguu wakigongana, wanaombana radhi, na kila mmoja anarudi kwake na mikono yake yote miwili.”