Gogo la Biskuti na Ulimi wa Babu

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo na kupiga deki, Kionjo alisimama mlangoni mwa jiko kunusa kinachopikwa. Jina hilo alibandikwa na Babu yake, kwa kuwa hakuna sufuria iliyopita mbele ya msichana huyo bila kuonjwa.

Jumamosi hii alikuwa na kazi ya maana. Shangazi yake, mpishi katika mkahawa mmoja, angekuja kunywa chai ya saa kumi. Aliahidi kwamba Kionjo akiweza kutengeneza gogo la biskuti peke yake, atamchukua wakati wa likizo akajifunze upishi. Kionjo aliiota ahadi hiyo hata darasani.

Gogo la biskuti haliokwi. Alivunjavunja biskuti tamu, akachanganya na siagi iliyoyeyushwa, kakao na maziwa mazito ya kopo. Kisha akaliviringisha donge lote ndani ya nailoni hadi likawa refu kama mkono wake. Mama alilikagua, akaagiza likae kwenye friji hadi saa kumi, akaenda zake sokoni.

Kionjo alilifungua friji kuona kama gogo limeganda. Ncha ilikuwa bado laini, basi akaikata akaila. Baadaye aliona si vibaya kuhakikisha tena. Alihakikisha sana. Alipokuja kushtuka, gogo lilikuwa limebaki nusu.

Biskuti tamu zilikuwa zimekwisha, na kopo la maziwa alikuwa amelilamba likang'aa. Kabatini ilibaki pakiti moja ya biskuti za chumvi, zile anazokula Babu tumbo likimsumbua. Alizivunja, akazikanda kwa siagi na kakao iliyobaki, akaunganisha kipande hicho na kile cha zamani. Kwa macho, lilikuwa gogo moja zuri.

Saa kumi Mama alikata vipande, akavipanga kwa mstari kwenye sinia refu. Upande mtamu ulimwangukia Shangazi, upande wa chumvi ukamwangukia Babu. Shangazi alifumba macho kwa raha, akasema likizo haiko mbali, Kionjo ajiandae. Babu alitafuna kidogo, akamaliza kikombe kizima cha chai, halafu akaomba maji. Alipoulizwa kulikoni, alijibu kwa huzuni kwamba uzee umemharibu ulimi, na Jumatatu ataenda kumwona daktari.

Kionjo angenyamaza, likizo ingekuwa yake. Lakini Babu alikuwa akiutoa ulimi na kujaribu kuuangalia kwenye kijiko, na Kionjo alimwonea huruma hadi machozi yakamlengalenga.

"Babu, ulimi wako ni mzima," alisema. "Nilionja gogo hadi likabaki nusu, nikajazia na biskuti zako za tumbo."

Babu alikirudisha kijiko mezani. "Kumbe! Na mimi nilishaanza kuuaga utamu wa dunia."

Mama aliangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alichukua kipande cha upande wa Babu, akakitafuna, uso ukamkunjamana, naye akaomba maji.

"Chovya chovya yamaliza buyu la asali," alisema alipopata pumzi. "Mpishi lazima aonje, mwanangu, lakini huonja mara moja, kisha huweka kijiko chini. Na akiharibu, husema kabla chakula hakijafika mezani. Wewe umesema kikiwa tayari kinywani mwa Babu. Umechelewa, ila umesema bila kuulizwa, na jikoni kwangu namtaka mtu wa namna hiyo. Tengeneza jingine Jumamosi ijayo. Likifika zima, twende."

Jumamosi iliyofuata Babu aliweka kiti chake mbele ya friji, akakaa hapo tangu asubuhi. Gogo lilifika mezani likiwa na ncha zote mbili, na kipande cha kwanza alipewa yeye.